Jirani Mwenye Sauti Zote

Jirani yangu hapa Flemingdon Park ni mwimbaji kutoka Ayalandi, na Toronto nzima hakuna kazi ya sauti anayoikataa. Opera anaimba, michezo ya watoto anaigiza, tangazo la sabuni redioni ni yeye. Hata kanisani kwetu, Leokadia, kiongozi wa kwaya, alimfundisha wimbo wa maziko wa Kiswahili, naye akauimba hadi wajane wakalia. Ni fundi, simnyimi sifa. Kabla ya kuimba hupapasa koo kwa vidole viwili, kama mtu anayebonyeza parachichi sokoni.

Jumamosi tulikuwa chini kwenye mashine za kufulia, dada yake akapiga simu kutoka kwao: mama yu mahututi, anataka wimbo aliowabembelezea utotoni. Jirani akaweka spika, akapapasa koo, akaanza. Mstari wa pili akakwama. Akarudia, akakwama palepale. Basi akamwimbia ule wa kwetu, wa maziko, bila kukosea hata neno.

“Mzuri,” mama yake akasema kwenye simu. “Nani huyo anayeimba?”

Jirani akakunja taulo kwanza.

“Msanii tu, mama,” akajibu, kwa ile sauti ya tangazo la sabuni.