Gia ya tatu ya gari la marehemu baba: nilivyohangaika kutafuta washa ya size yake hapa Kigali

Wakuu, salaam.

Humu nimekuwa msomaji wa kimya muda mrefu. Leo na mimi nina la kwangu, na nitalisema lilivyokuwa bila kutia chumvi. Wanaotafuta uzi wa kusisimua wapite tu, hapa kuna chuma na mama mzee.

Niko Kigali. Nimezaliwa Bujumbura, nimesoma Kigoma, kwa hiyo Kiswahili changu kikichanganyika mnivumilie.

Marehemu baba aliacha gari moja la ajabu. Sports car ya Kiingereza, ya zamani, viti viwili tu, paa la turubai, usukani kushoto. Jina lake silitaji kwa sababu nawajua, mtaacha kisa mtaanza kubishana ipi ilikuwa kali. Alilinunua Bujumbura kwa mzungu mmoja aliyekuwa anafunga biashara, na tuliporudi Rwanda akaja nalo.

Lilikuwa na ugonjwa mmoja. Ukishuka mteremko na gia ya tatu, ukiachia mafuta tu, gia inaruka yenyewe inakwenda free. Na Kigali mnaijua, tambarare unaitafuta kwa tochi.

Dawa ya baba ilikuwa mama.

Mteremko ukikaribia baba alikuwa anasema neno moja, "Shika." Mama anashika leva ya gia kwa mkono wa kushoto, anaikaza mpaka tufike chini. Miaka yote hiyo. Sisi watoto tulidhani magari yote ndivyo yalivyo, kwamba kile kiti cha pembeni kimewekwa kwa kazi hiyo.

Baba alipofariki, gari likakaa chini ya bati nyumbani kwa mama, Ndera. Kuku wakawa wanataga humo.

Sasa kaka yangu mkubwa akaleta mteja wa Nyarutarama, mtaa wa wenye pesa. Huyu bwana hakutaka hata kuliendesha. Alitaka kulipaka rangi aliweke bustanini, wageni wapigie picha. Kaka akasema bora hivyo kuliko lioze. Roho iliniuma, lakini sikuwa na hoja, gari halitembei.

Tukamuuliza mama. Alikuwa anachambua maharage, hata uso hakuinua.

"Munipandishe ndani mara moja, ikiwa inatembea," akasema. "Nikishuka ndiyo nitawajibu."

Mteja alikuwa bado anajenga ukuta wa bustani yake, akasema atasubiri mpaka uishe. Basi kila nikipita Nyarutarama nikawa naangalia ule ukuta umefika wapi.

Nikalivuta gari mpaka Kabeza kwa Deo, fundi wangu wa siku zote, mtu wa utani mwingi. Injini haikusumbua sana. Shida ikawa gearbox.

Deo aliifungua akanionyesha. Gia ya tatu inacheza kwenye shafti yake, mbele na nyuma. Kuna pete bapa inayotakiwa kuibana isicheze, mafundi wanaiita washa. Iliyokuwemo ilikuwa ya shaba, ya manjano, imelika upande mmoja.

"Boss, nani alitia pete ya ndoa humu?" Deo akacheka, akaitupa kwenye kopo la skrubu za zamani.

Tukaagiza washa mpya Uingereza kwa part number. Ikaja inang'aa, imefungwa vizuri kama dawa. Tukaivalisha. Gia inacheza vile vile.

Hapa wakuu nisimame kidogo, maana kuna mtu litamsaidia. Washa ya aina hii haiuzwi unene mmoja. Unatakiwa upime mwenyewe ile nafasi ndani ya gearbox yako, ndipo uchague unene. Tena wao wanapima kwa inchi, sisi vipimo vyetu ni milimita. Sisi tuliagiza kwa jina tu, kama mtu anayenunua kiatu bila kusema namba ya mguu.

Basi tukapima vizuri, tukageuza inchi kuwa milimita mpaka kichwa kikauma. Nafasi ilikuwa kubwa kupita hata washa nene kuliko zote kwenye orodha yao. Deo akasema labda tumepima vibaya, tuagize hiyo nene. Ikaja.

Bado inacheza.

Deo akaanza kufuta spana zake bila utani. Ukiona Deo hana utani, ujue mambo ni mabaya. Na siku hiyo nilipopita Nyarutarama niliukuta ukuta unapakwa rangi.

Nikaenda Ndera kumwambia mama imeshindikana. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Na ile pete ya manjano mumeipeleka wapi?"

Nikamuuliza ameijuaje pete hiyo. Mama yangu hajawahi kufungua hata boneti.

Ndipo akanieleza. Kule Bujumbura, washa ya zamani ilivunjika ikaula uso wa gia. Spea hakuna. Baba akapeleka gia kwa mtu mwenye mashine ya kukereza vyuma. Yule akaukwangua ule uso ukawa laini, halafu akachonga pete nene ya shaba kujaza nafasi iliyobaki.

"Ilishika muzuri, myaka mingi," mama akasema. "Halafu ikaanza kuisha kidogo kidogo. Nikamwambia baba yako arudi kwa yule fundi. Akasema ya nini, na miye wa kushika niko."

Akacheka peke yake, akarudi kwenye kazi zake.

Kumbe tulikuwa tunatafuta size ya kiwandani, na gia yetu ilishaacha kuwa ya kiwandani zamani. Deo akamwaga lile kopo, pete akaipata. Tukaipeleka kwa mzee mmoja wa Kikongo anayekereza vyuma, akatuchongea nyingine ya shaba kwa kipimo chetu, akaacha uwazi mdogo wa mafuta kupita. Gia ikatulia.

Jumapili baada ya misa nikampandisha mama. Alifunga kitambaa kichwani, akakaa wima. Tukaanza kushuka ule mteremko wa Ndera. Nikaweka tatu, nikaachia mafuta.

Mkono wake ukaja wenyewe, ukashika leva.

"Mama, imepona, hairuki tena. Achia tu."

"Najua."

Hakuachia. Wakuu, nililia pale kwenye usukani, na sioni aibu kusema. Aliikaza mpaka tukafika chini kabisa, anaangalia mbele.

Nikasimama pembeni nimuulize tumjibu nini mtu wa Nyarutarama. Hakunipa nafasi.

"Geuza, turudi juu tushuke tena," akasema. "Na sasa useme 'Shika'. Mbona hukusema?"

Mtu wa Nyarutarama alitafuta pambo lingine.

Nilichojifunza: pima kwanza ndipo uagize. Na kama mzee wako ameacha gari, ukikuta kipande usichokielewa usikitupe, kamuulize aliyekuwa anakaa kiti cha pembeni.

Wenye uzoefu na washa za shaba, karibuni mnikosoe, nataka kujua itadumu kiasi gani. Ila Jumapili mchana msinisubiri kwenye comments, nakuwa mteremkoni na mama.