Uchaga Usio na Moshi

Moshi ulimkaa Wanjira kifuani tangu usichana wake, na hakuna aliyeuita ugonjwa. Huku Siakago mwanamke asiyekohoa alfajiri ungedhani hajawahi kupika. Lakini mwaka ule daktari wa Embu aliitazama picha ya kifua chake akamwambia waziwazi: mama, ukiendelea na kuni zitakuua. Wanjira akaogopa. Nani asingeogopa?

Ndipo serikali ikaja na sera yake ya hewa safi, nyuma ya sera ukaja mradi, na nyuma ya mradi akaja kijana mmoja mpole aitwaye Mutugi. Kila mama angepewa jiko la gesi kwa sharti moja tu: kibanda chake cha kupikia kibomolewe, mafiga na yote, asije akarudi kwenye kuni. Mutugi alitaka mtu wa kuanza. Wanjira, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, akanyoosha mkono kabla kijana hajamaliza kusema.

Aliyepinga mkutanoni alikuwa mmoja, Wawira, mke wa shemeji yake, mwanamke wa ulimi mkali na macho mekundu kwa moshi. "Mwacha mila ni mtumwa," alisema, kisha akakohoa mpaka akashika ukuta.

"Na mila yenyewe ndiyo hiyo inakukaba koo, Mama Ireri," Wanjira akamjibu mbele ya watu. Akina mama wakacheka, na baada ya kucheka wakajiandikisha wote isipokuwa Wawira. Kicheko kile kilikuja kuwatokea puani.

Tuseme ukweli, gesi ilikuwa nzuri. Chai ilichemka upesi, sufuria hazikuwa na masizi, na baada ya miezi kadhaa Wanjira akaanza kulala usiku kucha bila kukohoa. Alisimama kanisani akamshukuru Mungu kwa sauti.

Sasa, kuna jambo ambalo Mutugi hakuliuliza, na Wanjira hakulisema kwa kuwa hata yeye hakulijua vizuri. Juu ya mafiga ya kila nyumba palikuwa na uchaga wa fito, na hapo ndipo mwanamke wa Mbeere alipoweka mbegu. Wanjira alikuwa na mtama mwekundu aliopewa na mamake siku ya kuolewa. Uliiva upesi hata mvua ikikatika mapema, na ulikuwa mchungu kidogo, ndege wakaudharau. Ndio uliowalisha wanawe miaka ambayo mahindi ya watu yalikauka shambani. Mamake alimwambia tu, "Weka juu ya moto." Moto, basi. Moshi hakuutaja. Kwa hiyo kibanda kilipobomolewa, Wanjira alijenga uchaga mwingine juu ya jiko la gesi, akayapanga masuke yake, akaona ametii.

Mvua za Oktoba zilipokaribia akapanda uchagani kuyateremsha. Suke la kwanza lilimvunjikia mkononi likawa unga. La pili vilevile. Fukusi walikuwa wamezila punje kwa ndani wakamwachia maganda. Wanjira aliketi sakafuni akalia kama aliyefiwa.

Hata hivyo Wambeere wana dawa ya msiba huo. Mbegu ya nyumba haiuzwi. Anayeomba hupewa, na yako ikipotea unarudi kwa wale uliowapa. Wanjira alikuwa amewapa nusu ya kijiji. Akajitanda leso, akaanza kuzunguka. Kila alipopiga hodi alioneshwa jiko la gesi linalong'aa, na juu yake masuke yaliyojaa vumbi la fukusi. Hakuna aliyemtukana. Walimtazama tu, mwenyekiti wao, na hilo likamuuma zaidi. Alipompigia Mutugi simu, kijana alimjibu kwa upole wake uleule, "Pole sana mama. Mambo ya mbegu ni wizara nyingine."

Likabaki boma la Wawira. Alimkuta ameinama motoni anapuliza kuni, amekonda, mabega yamemtoka. Juu ya kichwa chake masuke ya mtama yalining'inia, meusi kwa masizi, punje zake nzima.

"Nilijua utakuja," Wawira alisema. Akateremsha mafungu mawili. "Chukua. Ni ya mamako, si yangu. Lakini ukishavuna, Mama Njue, utaweka wapi?"

Jibu lilimtoka Wanjira kabla hajalipima. "Si unaweza kuniwekea hapa?"

Wawira akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikakataa kuisha. Alipopata pumzi alijipangusa mdomo kwa leso, akaitazama, akaikunja haraka.

"Haya, utaleta," alisema. "Wewe upone, mimi nikuwekee moshi."

Wanjira aliupokea mtama kwa mikono miwili. Aibu ilimjaa, lakini hakuurudisha.