Daku Kabla ya Nusu Kaputi

Mwaka 1971, nikiwa na miaka minane, ndipo taabu iliponishika. Baba alikufa, mama akanitoa darasa la pili huko Likoni, akanikabidhi kwa fundi wa pancha. Fundi yule alinichapa kwa mpira wa ndani wa tairi. Mpira ule hauachi alama, unaacha homa. Sikulia, nikajifunza kazi. Anayetaka kunihurumia asiendelee kusoma.

Kiwanja changu cha tairi pale Miritini nilikijenga kwa sauti. Malori yananguruma, mashine ya upepo inapiga kelele tangu asubuhi, na mimi nikimwita fundi aliye chini ya trela anatoka mbio. Madereva waliijua sauti yangu kabla ya sura. Mwanangu wa kwanza nilimwajiri, nikawa namfokea kama wengine.

Kuinua tairi za malori ndiko kulikonipa ngiri, ikatokeza kitovuni kama ngumi ya mtoto. Hospitalini wakasema nitapasuliwa, tena kwa nusu kaputi, ule usingizi wa dawa ambao mtu hata akichinjwa hana habari. Muuguzi, binti wa bara, akaanza kunipa maagizo.

"Babu, kesho uje umefunga. Yaani..."

"Yaani nini? Wewe utanifunza mimi kufunga? Nimeanza kufunga mama yako hajazaliwa!"

Watu kwenye benchi wakacheka. Binti akaita mgonjwa mwingine.

Basi nikafunga. Na kufunga kwetu kuna daku. Mke wangu aliamka kabla ya alfajiri, akapasha mbaazi za nazi na mahamri. "Kula ushibe, bwana," akasema, "wale hawatakupa kitu mpaka Magharibi." Nikala, nikanywa chai ya maziwa, nikatia nia. Baada ya adhana hata mate nilitema.

Kwenye chumba cha upasuaji daktari wa usingizi akaniuliza, "Mzee, umekula chochote?"

"Nimefunga."

"Una hakika?"

"Wallahi nimefunga."

Aliridhika, nami niliridhika. Akanidunga.

Yaliyofuata nimehadithiwa. Mwili ulipolegea, tumbo likarudisha daku lote kabla hawajawahi kuupitisha mpira wa hewa kooni. Mtu aliye macho angekohoa. Mimi nilikuwa gunia. Mbaazi zikaingia mapafuni, wakawa wanazivuta kwa mashine. Nikalazwa chumba cha mahututi, mpira kooni, na ulipokaa sana wakanitoboa tundu shingoni nipumulie hapo.

Nilizinduka siwezi kusema, lakini masikio yalikuwa mazima. Mwanangu wa kwanza alisimama miguuni pangu na mama yake.

"Mama, kiwanja hakingoji mtu. Huyu hata akipona ni wa kukaa barazani tu. Ufunguo wa kabati la hati uko wapi?"

Nilimkazia macho. Alidhani ni dawa.

Wahudumu nao wakanipa jina. "Mzee Mbaazi ageuzwe." "Mzee Mbaazi amejichafua tena." Wakicheka, hawana hata haya.

Tundu lilipozibwa, kilichotoka kinywani mwangu kilikuwa mnong'ono, kama upepo wa tairi iliyochomwa na msumari. Ndipo akaja daktari wa kike, kijana, mtafiti. Alikuwa akichunguza kwa nini wagonjwa wanaletwa kwenye nusu kaputi wakiwa na tumbo lililojaa, maana wengine hufa kwa hilo.

"Mzee, mpaka sasa nina watu wa aina mbili," akasema. "Waliosahau na waliodanganya. Wewe nikuweke wapi?"

"Niweke kwa waliofunga."

"Na zile mbaazi?"

"Daku."

Hakulijua neno. Mfagiaji wa wodi ndiye aliyemweleza, akicheka mpaka fagio likamponyoka. Daktari hakucheka.

"Muuguzi alikwambia nini hasa?"

"Nifunge."

"Hakueleza?"

"Hakueleza."

Ni kweli, hakueleza. Kwamba nilimkatiza maneno, sikuulizwa, nami sikusema. Binti yule akaondolewa kliniki, akapelekwa stoo kuhesabu mashuka. Kazi yake ilikuwa kumaliza maneno, hata akichekwa. Mimi nilichapwa mpira na kazi nikaimaliza. Siku hizi pale kliniki humwambia mgonjwa wazi, usile, na daku usile, kisha humtaka arudie kwa kinywa chake alivyoelewa. Utafiti wa yule daktari ndio uliofanya hivyo, na mapafu yangu.

"Sauti itarudi?" nikamuuliza.

"Hairudi, mzee. Utasema hivi hivi."

Alinitazama usoni akisema. Kwa hilo nilimheshimu.

Nilipofika Miritini, mwanangu alikuwa amekalia kiti changu, miguu juu ya meza.

"Shikamoo baba. Mbona umetoka? Si upumzike."

"Inuka."

"Wasemaje?" Akaweka kiganja sikioni, akawageukia madereva. "Nyinyi mwamsikia? Baba, kwa kelele hizi utamwamrisha nani?"

"Mwongezeni mbaazi apate pumzi!" akadakia dereva mmoja. Wakacheka wote, na mafundi wangu wakiwemo.

Nikaiendea mashine ya upepo nikaizima, ufunguo nikautia mfukoni. Vicheko vikakatika. Fundi akabaki na bomba mkononi, tairi imejaa nusu. Bila upepo hapana kazi, na bila kazi hapana ujira wa siku.

"Inuka," nikanong'ona, na safari hii kila mtu alisikia. "Mashine haiwaki mpaka utoke. Na usirudi."

"Baba, mimi ni mwanao."

"Nenda ukakae barazani."

Yule dereva wa mbaazi ndiye aliyemshika mkono. "Toka bwana, nina mzigo wa Malaba!" Mafundi wakamsukuma mpaka barabarani, analia, mtu mzima na ndevu zake. Nikawasha mashine.

Tangu siku ile, nikiwa na neno naizima. Wanakuja mbio kuliko nilipokuwa nafoka.

Leo nina kiwanja cha Miritini chenye hati, mashine mbili za upepo, jeki nne za malori, nyumba ya vyumba sita Chaani, minazi kidogo Likoni, mke mmoja, na watoto wawili, wote mabinti.