Mfereji Tuliouruka Usagara

Asubuhi ile niliondoka Tanga bila kujua ninakwenda wapi, na wanaonijua hawatashangaa. Kufika saa mbili nilikuwa nimekaa mbele kwenye pikapu ya mtu niliyekutana naye kwenye kibanda cha chai. Alikuwa anapanda Amani kuchukua iliki na pilipili manga, na hakuwa na wa kuzungumza naye njiani. Tulipokaribia Muheza ikaingia dirishani harufu ambayo sikuwa nimeinusa kwa miaka mingi: makapi ya mkonge yanayooza. Kwa asiyeijua, ni kama togwa iliyosahauliwa juani, ukaichanganya na majani mabichi na nguo iliyokunjwa kabla haijakauka. Dereva akapandisha kioo. Nikamwomba akishushe.

"Una nini na uvundo huu, dada?"

Sikumjibu vizuri, maana jibu lake ni refu. Ninyi nitawaeleza.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, tukikaa Usagara, pale pale Tanga mjini, na kila Jumatano na Jumamosi alasiri nilikuwa nikijifunza karate kwenye ukumbi wa harusi. Tulivirundika viti vya plastiki ukutani, tukafagia punje za pilau, tukapanga mistari chini ya maua ya karatasi ya bibi harusi wa wiki iliyopita. Mwalimu wetu, Sensei Mhando, siku nyingine zote alikuwa fundi wa majokofu. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, asiyepandisha sauti. Ukikosea alikuja kusimama mbele yako, akafanya lile jambo polepole mara moja, akaondoka. Basi. Kukaripiwa kungekuwa nafuu.

Kitu alichokipenda kuliko vyote kilikuwa kata. Nieleze kwa ambaye hajawahi kuiona: kata ni mlolongo wa hatua, vizuizi na mapigo unaofuatana kwa mpangilio usiobadilika, na unaufanya peke yako. Unapigana na watu wasiokuwepo. Mmoja anatokea kushoto, unamzuia, unampiga. Mwingine nyuma, unageuka. Mpaka wamekwisha wote na wewe umerudi pale ulipoanzia. Sensei alisema kata zilitoka visiwani, na mimi kwa miezi kadhaa niliamini ni Pemba. Nilimtazama kila Mpemba aliyekuja na karafuu zake kwa heshima kubwa mno, mpaka siku Sensei alipotuchorea kwa chaki sakafuni visiwa vya kusini kabisa mwa Ujapani, na China pembeni yake, ambako wazee wa visiwa hivyo walipata nyingi ya hatua zile. Walifundishana kwa siri, alisema, bila kuandika, mwili kwa mwili. Ndiyo maana zipo hatua ambazo hadi leo mabingwa wanabishana zina maana gani.

Kuhifadhi kabla ya kuelewa hakukuwa jambo geni kwetu. Wenzangu wengi walikuwa wametoka chuo cha Kurani mchana uleule, vifuani wana sura nzima ambazo tafsiri yake wangepewa wakikua. Mimi, mjukuu wa manamba Mkatoliki aliyetoka Kigoma kuja kukata mkonge, niliimba Kilatini cha babu nisichokijua hata neno. Lakini kata ilinikera. Kila hatua nilitaka kujua inampiga nani. Anatokea wapi? Ana silaha gani? Kwa nini yule wa nne haji mpaka nimemaliza na wa tatu, ana adabu gani huyo? Sensei aliniita Bi Kwa Nini. "Pili," alisema, "wewe utaishia kuwauliza maadui zako majina."

Hatua iliyoninyima raha kabisa ilikuwa ya kumi na moja katika kata ya pili. Hapo unaacha kupigana. Unanyanyua mikono yote miwili hadi begani, viganja juu, kama uliyebeba kitu, kisha unaruka hatua moja ndefu kwa mguu wa kulia, na ukitua unavuta wa kushoto bila kuugusisha chini mpaka ufike. Baada ya hapo vita vinaendelea. Rashidi, mtoto wa muuza halua, aliyekuwa mkubwa wetu na mjuzi wa kila kitu, alisema ni kukwepa fimbo inayofagia miguu.

"Na mikono?"

"Unampa Mungu shukrani haijakupata."

Nilipomuuliza Sensei, alitazama mlango. "Fanya," akasema. "Iruke vizuri kwanza."

Wakati huo kulikuwa na jambo kubwa linakuja. Mtahini kutoka Mombasa angefika kutupima. Sisi watoto tulikuwa tukiwania mikanda, mimi wa kijani, lakini la Sensei lilikuwa zito zaidi, na alitueleza wazi kwa sababu hakujua kuficha mambo ya namna hiyo: mtahini akiridhika, klabu yetu ingetambuliwa na Sensei angeruhusiwa kupima wanafunzi wake mwenyewe. Asiporidhika, ingebidi afunge, aende kuanza upya chini ya mwalimu mwingine, mtu wa miaka hamsini na mkanda mweupe. Wiki tatu tulifanya kata ya pili mpaka nikawa nairuka ndotoni.

Jumapili moja nilikuwa naifanya uani. Baba, aliyekuwa ameacha kazi ya mkonge kwa sababu ya mgongo, alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akinyolewa ndevu na mama. Nilipofika ya kumi na moja alicheka ghafla hivi kwamba wembe nusura umkate.

"Mama yangu we! Mtoto anaruka mfereji!"

"Mfereji gani?"

"Wa korona. Tazama, mama Pili, mtazame. Hata mzigo kaubeba!"

Korona ni jengo la kiwandani lenye ile mashine ya kusaga majani ya mkonge. Maji yanapita humo mchana kutwa kuosha makapi, na kwenye korona ya shamba alilofanya kazi baba, mfereji wa makapi ulikata sakafu katikati. Wabeba nyuzi mbichi waliuruka mamia ya mara kwa siku, mzigo begani, mguu wa nyuma wakiuvuta juu usije ukachota uchafu. Baba akanyanyuka na povu lake shavuni, akaruka. Ilikuwa ileile. Mikono, mguu, kila kitu.

Kisha akakumbuka. Kijana Mhando alikuwepo pale, fundi msaidizi. Na alikuwepo fundi mgeni wa mashine, baba alidhani Mjapani, mama akadhani Mkorea, na hakuna kati yao aliyewahi kumwuliza. Jumapili, mashine ikilala, mgeni yule aliwafundisha vijana karate mle ndani, maana ndiyo sakafu ya saruji peke yake iliyokuwa kubwa shambani. "Tulikuwa tunawachungulia," baba akasema. "Wakifika kwenye mfereji wanaruka, wanaendelea kurusha ngumi. Tulicheka sana."

Niwaambieni kweli, sijawahi kuwa na furaha kama ile. Nilikuwa nimeijua siri ambayo mabingwa walibishana juu yake. Sikwenda kumwambia Sensei. Nilijiambia nitamwambia Jumatano. Jumatano kulikuwa na watu wengi. Halafu ikawa Jumamosi yenyewe ya mtihani.

Mtahini alichelewa kwa sababu ya foleni ya mpakani Horohoro. Alikuwa mtu mnene mwenye miwani, mcheshi, na hatua zake zilikuwa nyepesi kuliko zetu wote. Wazazi walikaa kwenye viti vya harusi. Tulifanya kata ya pili watoto kumi na wanne kwa pamoja, na tulipofika ya kumi na moja ukumbi mzima ukaruka na kutua kishindo kimoja, mpaka maua ya karatasi yakatikisika. Nilidhani atapiga makofi.

"Ngojani, ngojani," akasema. "Mwaruka nini hapo?"

Tukamgeukia Sensei, naye mtahini akamgeukia.

"Sensei, hino mumeitoa wapi? Kata hii naijua tangu udogoni, haina kuruka."

Sensei Mhando alisimama wima, mikono ubavuni. "Ndivyo nilivyofundishwa," akasema.

"Na maana yake?"

Sensei akatazama mlango. Mtahini akatugeukia sisi. Rashidi akasema ile ya fimbo, na mtahini akamwambia, "Yakhe, na fimbo yenyewe waibeba begani?" Wazazi wakacheka. Nilimwona Sensei anakaza mkanda wake. Nami jibu lilikuwa linaniunguza mdomoni kama kitumbua kilichotoka mafutani. Nilifikiri namwokoa. Hili naomba mnisadiki, ingawa nilifikiri pia jinsi nitakavyoonekana.

Nikanyoosha mkono. "Ni mfereji wa makapi," nikasema kwa sauti ya darasani. "Sensei alijifunzia kwenye korona ya mkonge. Katikati kuna mfereji, ukipita lazima uruke. Na mikono ni ya kubebea nyuzi. Baba ameniambia."

Mtahini alivua miwani ili acheke vizuri. Hakuwa na ubaya, alicheka kama mtu aliyepewa zawadi. Wazazi waliowahi kukaa mashambani walicheka zaidi. Mmoja alisimama akaruka pale pale kati ya viti. Baba alicheka na wenzake. Nikamtazama Sensei nikitegemea naye acheke, na hakuwa anamtazama yeyote. Alikuwa anatazama sakafu mbele ya miguu yake, mahali ambapo mfereji ungekuwa.

Tulipita. Klabu ikakubaliwa, kwa sharti moja: ule mruko utolewe. Sensei akainama kwa heshima, akasema utatolewa.

Jioni, kabla jua halijazama, nilibaki kumsaidia kurudisha viti. Nilikuwa nimejifunga mkanda wangu mpya na kwa mara ya kwanza siku hiyo sikuwa na swali. Alipanga viti safu mbili nzima ndipo akasema.

"Mfereji ule naujua, Pili. Nimeuruka miaka sita."

"Kumbe ulijua?"

"Nitakosaje kujua?"

"Sasa mbona hukutuambia?"

Akaweka kiti, akakinyoosha kikae sawa na wenzake. "Mngeacha kuruka," akasema.

Jumatano iliyofuata tuliacha. Alikuja kusimama mbele yetu, akafanya kata bila mruko, polepole, mara moja. Pale kwenye ya kumi na moja akapiga hatua ya kawaida. Nilikuwa mstari wa mbele, nikaona mguu wake wa kushoto unasita, haujui uende wapi. Hakuniita tena Bi Kwa Nini. Hakunichukia pia, aliniita Pili kama alivyowaita wengine kwa majina yao. Niliacha shule kidato cha pili, nikaacha na Tanga, na niliporudi mara ya kwanza niliambiwa amehamia Morogoro kwa binti yake. Sijui kama yu hai. Radhi sikuwahi kumwomba, kwa sababu kwa miaka mingi sikujua ya nini. Nilikuwa nimesema kweli.

Pikapu ilifika Amani alasiri, ukungu umeshashuka kwenye chai. Nilipata chumba kwa mama mmoja wa Kishambaa, Mama Shemdoe, nyumba ya mbao nyuma ya duka lake: kitanda, taa, blanketi mbili. Nikiingia mahali papya huwa nafanya kata ya pili, ndivyo ninavyokizoea chumba. Nimeifanya hivyo miaka yote bila kujitazama. Siku hiyo, pengine kwa sababu ya yote niliyokuwa nimekumbuka njiani, nilijitazama.

Kwenye hatua ya tatu niliinamisha kichwa. Hakuna mtu yeyote duniani anayeinamisha kichwa hapo. Ikanijia: Horohoro, nyuma ya mgahawa nilikofanya kazi ya jikoni, chumba chenye boriti ya chini iliyonipasua paji la uso mara mbili. Kwenye ya tisa nilifupisha mzunguko. Pangani, stoo ya nazi niliyolala msimu mzima, marundo pande zote. Nilisimama katikati ya chumba cha Mama Shemdoe nimenyoosha ngumi, nikahesabu nyumba zangu.

Nilipokuwa mtoto nilidhani maana ya hatua ni yule anayepigwa. Sasa nadhani mtu yule wa visiwani, aliyeianza au aliyeipokea kutoka China, naye alikuwa na chumba, alikuwa na ukuta mbaya au goti bovu, na mabingwa wanaobishana pengine wanabishana juu ya nguzo ya mtu. Na Sensei hakuwa akitufundisha kosa. Shamba lile lilikuwa limefungwa, vijana wa Jumapili wametawanyika, mgeni amerudi kwao asikojua mtu ni wapi, na palikuwa pamebaki mahali pamoja tu, hatua ile ya kumi na moja, ambapo wote walikuwa bado wanaruka pamoja. Nilikuwa nimepajua. Ningeweza kumwuliza yeye kwanza, tukiwa wawili, na viti.

Nikaanza tena kutoka mwanzo. Nilipofika kwenye ya kumi na tano, kitanda kilikuwa njiani. Nikajibanza ubavu, nikapita, nikapiga. Mama Shemdoe alikuwa mlangoni na birika la chai, sijui amesimama tangu lini.

"Hapo ulipojibanza, mwanangu," akauliza, "unamkwepa nani?"

"Kitanda chako, mama."

Akakitazama kitanda, akanitazama. "Si ukisogeze basi? Nikushikie upande huu."

"Hapana, mama," nikasema. "Kiache hapo hapo."