Shangazi, Kijiko cha Sukari na Namba Moja Tatu

IMEKUBALI! Jamani, imekubali! Leo Jumatatu watu themanini na sita wamepita zahanati, na namba zimetoka moja mpaka themanini na sita, hakuna hata mbili zilizofanana. Shangazi kanipigia simu analia na kucheka kwa pamoja, mpaka nikadhani mtandao unakatakata.

Ngoja nianze vizuri.

Shangazi yangu, dada yake Baba, alikuwa fundi cherehani. Miaka tisa ya sare za shule. Mpaka leo akiwaza sana anabana pini mdomoni, ndiyo maana kazini wanamwita Pini. Alipoajiriwa karani wa mapokezi kwenye zahanati, akaona watu wanavyosukumana na vikaratasi vya namba, akasema hiki kitu si kompyuta inaweza? Akajifunza kuandika programu kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Mimi na yeye kitanda kimoja, kila mtu na simu yake, tunabishana mabano hayajafungwa wapi.

Programu yake iko hivi. Mapokezi kuna madirisha matatu. Mgonjwa akifika dirisha lolote, karani anabonyeza, namba inatoka. Asubuhi, yule anayebonyeza wa kwanza ndiye anayeifanya programu ifungue daftari jipya la siku, lianze na moja. Linatakiwa kufunguliwa mara moja tu. Basi.

Sasa wiki iliyopita, siku ya kwanza ya kuitumia, saa mbili kamili mlango ukafunguliwa na makarani wote watatu wakabonyeza kwa mpigo. Ndani ya programu kazi tatu zinakimbia sambamba. Wenyewe wanaziita nyuzi, na Shangazi wangu wa cherehani alivyolipenda hilo jina! Kila uzi ukauliza, "Daftari la leo lipo?" Halipo. Kila uzi ukafungua la kwake. Zikatoka namba moja tatu! Babu mmoja nusura apewe dawa za mtu mwingine.

Daktari mkuu akamwita. "Pini, nakupa mpaka Jumatatu. Ikirudia, tunarudi kwenye vikaratasi, na hiyo kompyuta usiiguse tena."

Shangazi siku hiyo hakula. Alikaa tu na pini yake.

Jumamosi akaweka kufuli. Kufuli la kwenye programu maana yake uzi mmoja tu ndio unaingia kufungua daftari, nyingine zinasubiri nje. Nikamwambia umemaliza kazi. Tukajaribu sebuleni: mimi, yeye na Baba, simu tatu, haya, bonyeza!

Moja. Moja. Moja.

"Hilo kufuli lako la plastiki," Baba akasema.

"Kaka, usinichokoze, nitakuchoma na hii pini."

Jumapili asubuhi ndiyo mambo yakatokea. Kwetu Bibi akishapika chai anaiacha kwenye birika bila sukari, anaenda kumwagilia maua. Atakayeikuta anatia vijiko vinne, nyumba nzima inakunywa. Zamani kila aliyeamka alikuwa anatia, hainyweki! Kwa hiyo Bibi akatundika kijiko kimoja kwenye msumari. Sukari ni kwa hicho tu. Hakipo? Subiri.

Bibi akarudi, akaonja, akatema. "Nani katia sukari?"

"Mimi," akasema Baba.

"Mimi," akasema Shangazi.

"Wote wawili? Na kijiko chenyewe kimoja?"

"Mama, mimi nilionja haina sukari. Kugeuka, kijiko hakipo. Nikaenda kuvaa viatu, narudi nakikuta, nikatia," akasema Shangazi.

"Kwani kilikuwa kimeenda wapi, kutembea? Ukishakishika si uonje tena, mwanangu!"

Shangazi akaganda na kikombe mkononi. Halafu, "Mama! Mama yangu wewe!" Akambusu Bibi kichwani, mbio kwenye simu yake, kiatu kimoja mguuni.

Umeelewa? Nyuzi zote tatu zilikuwa zinauliza nje ya kufuli, zote zinajibiwa "halipo", ndipo zinapanga foleni. Zikiingia mojamoja, kila moja inafungua daftari kwa lile jibu la zamani! Kwa hiyo akaongeza mstari mmoja: ukishaingia ndani ya kufuli, uliza tena. Lipo? Chukua namba yako, nenda. Na ile alama inayojibu "lipo" inawekwa mwisho kabisa, daftari likiwa limekamilika, maana Bibi naye hataki mtu aseme chai ina sukari kabla haijakorogwa.

Tukajaribu mara hamsini. Moja, mbili, tatu. Moja, mbili, tatu. Baba akalalamika kidole gumba kimevimba.

Na leo, Shangazi anasema daktari mkuu alisimama pale mapokezi mikono nyuma, mpaka namba kumi ilipotoka. Kisha akasema, "Pini, endelea," akaenda zake kutibu watu. Shangazi mabega yakashuka yenyewe. Ile pini akaichomeka kwenye kola, haijarudi mdomoni siku nzima.

Bibi nilipomwambia kaokoa zahanati, akanijibu, "Sawa, ila birika langu hamjaliosha."

Kama unamjua mtu anayejifunza programu na vitu vyake vinafunguka mara mbilimbili, tafadhali mtumie hii aisome.