Karatasi za Mkufunzi

Mkufunzi wa walimu ana vidole virefu vyenye madoa ya wino, na kila akimaliza sentensi anagonga ubao kwa kalamu na kuuliza, "Tuko pamoja?" Jibu hasubiri. Aliitwa awafundishe walimu kubadilisha somo ili limfae kila mtoto, hata asiyeona kama mdogo wangu. Mimi nilimleta ili mwalimu wa darasa la kwanza amtazame, aamue kama atampokea. Asubuhi nzima mkufunzi alimshika kichwa akisema "huyu hapa", na jina lake hakuuliza.

Mchana aliwaambia walimu wajifunge vitambaa machoni, nao waonje kutoona. Kisha akapita meza kwa meza akigawa karatasi.

"Someni kimya kimya. Mna dakika kumi."

Walimu wakazipapasa karatasi.

"Mkufunzi," akasema mwalimu wa darasa la kwanza, "tusome kwa pua?"

Wenzake wakaangua kicheko.

"Vitambaa msifungue. Maelekezo yote yamo humo humo," akajibu, akagonga ubao. "Tuko pamoja?"

Yule mwalimu akapapasa hewani mpaka akampata mdogo wangu, aliyeketi kando yake. "Mwanangu, wewe huwa unafanyaje?"

"Namwambia dada anisomee."

"Halafu?"

"Halafu najibu."

Mwalimu akacheka taratibu, kitambaa bado kiko machoni. "Dada mtu, Jumatatu mlete. Kusoma kwa sauti hata mimi naweza."

Mkufunzi akatazama saa, akaandika kwenye daftari lake kwamba zoezi limefaulu, akaanza kukusanya karatasi.