Fundi aliyesikia injini ndani ya gari lisilo na injini

Saa moja na nusu asubuhi, gereji nzima inaamriwa kunyamaza. Redio inazimwa. Mpiga rangi anaweka chini bomba lake la kupulizia. Mteja aliyekuwa akibishana na mtu kwenye simu anaoneshwa mlango kwa kidole, naye anatoka kwenda kumalizia ugomvi wake nje.

Katikati ya gereji, mwanamume wa miaka hamsini na minane ameinamia injini inayonguruma. Ncha ya bisibisi ndefu ameigandamiza kwenye chuma cha injini, na mpini wake ameuegemeza kwenye sikio la kulia. Amefumba macho. Kwa dakika nzima hasemi kitu, na hakuna anayethubutu hata kukohoa.

"Beringi ya pampu ya maji," anasema hatimaye. "Ina wiki mbili, isizidi. Usipoibadilisha utarudi hapa unavutwa kwa kamba."

Mwenye gari, muuguzi wa zamu za mchana, hamuulizi amejuaje. Anauliza tu alilete lini. Hapa watu wamezoea. Humwita Fundi Sikio, na jina alilopewa na wazazi wake limebaki la kwenye kitambulisho.

Kazi hii ameifanya kwa miaka thelathini na mmoja, na sehemu kubwa ya miaka hiyo ameitumia kwa gari la aina moja. Ni gari la milango minne, la petroli, lenye umbo la kistaarabu kabisa la kumpeleka baba wa familia kazini. Ukilikanyaga, linakusahaulisha kwamba una familia. Wapenzi wake hulitaja kama kiumbe hai: Nyigu. Likitulia linavuma, likichokozwa linauma.

Kiwanda kiliacha kumtengeneza Nyigu miaka minane iliyopita. Dunia imegeukia umeme, na vijana wanataka gari linalochajiwa kama simu. Zamani Fundi Sikio alipokea magari kumi na mawili kwa wiki. Siku hizi yakifika manne anashukuru Mungu.

Sikio lake lilikuwa halijawahi kumwaibisha. Miezi mitano iliyopita lilimwaibisha mchana kweupe, mbele ya watu arobaini. Aibu anasema ameshaisahau. Kinachomuuma ni binti yake.

Binti huyo, kifungua mimba wake, ana miaka ishirini na saba na ni fundi wa magari ya umeme. Alikulia kwenye gereji hii, akijua namba za spana kabla hajajua kuzidisha. Alipohitimu alimletea baba yake wazo: nusu ya gereji ibaki ya petroli, nusu iwe yake, ya umeme. Kilichokosekana ni kitu kimoja. Sheria inamtaka mwenye gereji naye awe na cheti cha usalama wa umeme wa magari, na masomo yake ni miezi tisa. Binti akamtafutia baba nafasi chuoni, akamjazia na fomu. Ilibaki sahihi.

"Nilikuwa namwambia subiri kidogo," anasema Fundi Sikio, akifuta mikono kwa kitambaa ambacho ni kichafu kuliko mikono yenyewe. "Mwaka mzima namwambia subiri. Moyoni najua Nyigu atarudi, sasa nikasomee umeme wa nini?"

Hakuwa peke yake katika ndoto hiyo. Kila Jumamosi asubuhi wenye Nyigu hukutana hapa gerejini. Hufungua boneti, husimama wakitazama injini kama watu waliokwenda kumwona mtoto mchanga, kisha huanza uvumi. Sikio halilali na njaa, na masikio ya watu hawa yameshiba kwa miaka minane: mara kiwanda kimejuta, mara mkurugenzi mpya anapenda petroli, mara kuna mtu ana shemeji anayefanya kazi huko. Yule muuguzi amekwishaandikia kiwanda barua kumi na nne. Anazo nakala zote.

Basi siku moja kiwanda kikatoa tangazo. Lilikuwa picha ya gari lililofunikwa shuka jeusi, na umbo la chini ya shuka lilikuwa la Nyigu, hata kipofu angelitambua. Chini yake kuliandikwa maneno matatu: "Sauti ile inarudi." Picha hiyo iliambatana na sekunde kumi na moja za mngurumo.

Kundi zima lilikimbilia gerejini, kila mtu na simu yake. Wengine walihofia ni sauti ya kutengenezwa na kompyuta. Mtu wa kuamua alikuwa mmoja tu.

Fundi Sikio alisikiliza mara tatu, akiwa amefumba macho. Kisha akatoa hukumu ambayo watu wa hapa wanaikariri mpaka leo, wengine kwa huruma na wengine kwa kumtania: "Hiyo si kompyuta. Hiyo ni injini ya kweli, silinda sita, na petroli inaungua humo ndani. Mkija kukuta nimekosea, nikateni hili sikio."

Watu walikumbatiana. Mwalimu mkuu mstaafu, mzee mwenye Nyigu mzuri kuliko wote kundini, alilia bila kuficha. Jioni ile Fundi Sikio alimpigia binti yake simu.

"Nilimwambia, mwanangu, ile nafasi wape wengine. Nyigu anarudi, kazi ipo."

Binti alijibu nini?

"Alisema, 'Sawa, Baba.' Basi. Nikafurahi kwamba amenielewa."

Wiki hiyohiyo binti aliweka sahihi mkataba wa miaka miwili na kampuni ya mabasi ya umeme, kwenye mji ulio safari ya siku nzima kutoka hapa. Alipoondoka, baba yake alimsindikiza kituoni, akambebea sanduku, na njia nzima akamsimulia habari za Nyigu mpya.

Siku nne baadaye ndiyo ikawa Jumamosi ya uzinduzi. Televisheni ilitundikwa ukutani mwa gereji, juu ya rafu ya matairi. Watu arobaini walikaa kwenye madumu, mabenchi na viti vilivyong'olewa magarini. Shuka jeusi likavutwa.

Wote waliokuwapo wanakiri kwamba gari lilikuwa zuri. Lilianza kutembea, na likanguruma ule mngurumo wenyewe. Gereji ilipasuka kwa vifijo. Mwalimu alirusha kofia ikanasa kwenye feni.

Kisha mtangazaji akafungua boneti.

Ndani hamkuwa na injini. Kulikuwa na sanduku lililotandikwa zulia la kijivu, na ndani ya sanduku begi dogo la safari.

"Injini iko wapi?" aliuliza muuguzi. Mtangazaji, kwa tabasamu kubwa, akaeleza kwamba gari ni la umeme mtupu, na kwamba ngurumo inatoka kwenye spika zilizofichwa mbele na nyuma. Akaongeza kuwa sauti hiyo haikubuniwa, bali ilirekodiwa kutoka kwa Nyigu halisi anayemilikiwa na mpenzi wa gari hilo.

Mwandishi wa makala haya amezungumza na saba kati yao, na kila mmoja ametumia neno lilelile: kimya. Feni ilikuwa bado inahangaika na kofia ya Mwalimu, na ndiyo peke yake iliyosikika.

"Nilihisi kama nimekwenda kupokea mgeni nikakabidhiwa nguo zake," anasema Mwalimu.

Lakini pigo la pili lilikuwa njiani. Fundi Sikio aliinuka, akasogea mpaka usoni pa televisheni, akaomba kipande cha ngurumo kirudishwe. Kikarudishwa. Akaomba tena. Mara ya tatu aligeuka, na wanaomfahamu wanasema hawajawahi kumwona na sura ile.

"Hiyo ni kazi yangu," alisema.

Ilibidi aeleze. Kitabu cha kiwanda kinataka mwanya wa vali zote sita za kutolea moshi ulingane. Yeye ya silinda ya tatu huiacha imelegea unywele mmoja, kwa sababu anaamini ndiyo inayopata joto kali zaidi. Hakuna fundi mwingine anayefanya hivyo, na wengi wamemgombeza. Matokeo yake injini ikiwa inazunguka taratibu hutoa mlio mdogo, tik, ambao mtu wa kawaida hausikii. Tik hiyo ilikuwamo kwenye gari jipya. Ilitoka kwenye spika, mbele ya dunia nzima.

Hapo Mwalimu akaketi chini, sakafuni kabisa, kwenye mafuta. Akakumbuka vijana wawili waliokuja kwake mwaka juzi na maikrofoni zilizovishwa manyoya. Walisema wanahifadhi sauti za injini zinazoelekea kutoweka. Aliwawashia Nyigu wake saa tatu nzima, na walipompa karatasi ya kurasa sita akaweka sahihi palepale kwa furaha.

"Miaka thelathini na minne nimewaambia watoto wa watu, soma swali kwanza," anasema. "Ile karatasi sikuisoma. Na lile tangazo pia sikulisoma. Waliandika sauti inarudi. Gari hawakulitaja."

Makosa ya namna hii yasingempata mtu asiyejua magari. Asiyejua angeuliza tu kama ni la petroli au la umeme, akajibiwa, akaenda zake. Hawa wenyewe wanajua mno. Kwao sauti ni gari na gari ni sauti, kwa hiyo swali hilo halikuwajia.

Mke wa Fundi Sikio, mshonaji wa sare za shule, alisikia habari zote akiwa kwenye cherehani. Hakumpa pole.

"Nilimwambia ukweli," anasema, akikata uzi kwa meno. "Wewe unasikia vali imelegea unywele ndani ya televisheni. Mtoto wako amekuomba kitu kimoja mwaka mzima, hukumsikia. Wahenga walishasema, sikio la kufa halisikii dawa. Sikujua kumbe walikuwa wanamsema mume wangu."

Fundi anacheka anaporudiwa maneno hayo, lakini macho yanatazama pembeni. Anasema hata uzinduzi haukumshtua kama alivyojishtukia mwenyewe baadaye, alipowaza ile safari ya kituoni na sanduku mkononi.

"Njia nzima naongea mimi. Nyigu hivi, Nyigu vile. Mtoto anahama, na sikumuuliza hata atalala wapi akifika."

Alimpigia simu siku ileile, kabla watu hawajaondoka. Akamwambia, "Mwanangu, nimekosea." Binti, ambaye naye alikuwa ametazama uzinduzi, akasema jambo lililomuumiza zaidi kuliko lawama: "Hukukosea, Baba. Ile ni injini ya kweli. Ni vile tu haimo ndani ya gari."

Nafasi ya chuoni ilikuwa imekwishachukuliwa. Fundi alisubiri mkupuo uliofuata, na sasa ana miezi miwili darasani. Mwanafunzi anayemkaribia kwa umri ana miaka thelathini na mmoja. Fundi mwenyewe anakaa mbele, kwa sababu ya macho, na huondoka gerejini saa nane kila siku ya masomo hata kama kuna gari limefunguliwa.

Somo la kwanza nusura limrudishe nyumbani. Mkufunzi, kijana mwembamba, aliandika ubaoni kwa herufi kubwa: USIAMINI SIKIO LAKO. Gari la umeme likiwa limewaka halina sauti, alieleza, na fundi anayedhani ukimya ni usalama hufa. Pima kwa mita, kila mara.

"Darasa zima liligeuka kunitazama," anasema. "Kumbe jina limefika mpaka kule. Nikaandika kwenye daftari kama wengine. Ningefanyaje?"

Jumamosi wenye Nyigu bado wanakutana, ingawa wamepungua. Muuguzi ametuma barua ya kumi na tano. Kuna mzee anayeapa kwamba shemeji yake amesikia kitu. Fundi Sikio huwahudumia, huwatania, na akiulizwa kama Nyigu atarudi husema hajui, neno ambalo hawakulizoea kutoka kwake.

Jumapili mchana ndiyo saa yake mwenyewe. Binti humpigia simu na kumuuliza maswali kumi ya masomo ya wiki, moja moja, bila huruma. Jumapili iliyopita alipata saba. Akadhani atapongezwa. Akaambiwa saba ni kufeli, kwenye gereji ile lazima fundi apate nane.

"Gereji ipi tena?" namuuliza. "Si amebakiza mwaka mmoja na nusu kwenye mkataba?"

"Hii hapa," anajibu, na kwa mkono unaonuka petroli ananionesha nusu ya upande wa kulia, iliyofagiliwa, tupu, bila hata tairi moja. "Na ule upande mwingine pia, nimeshamwandikia zote mbili. Gereji ni yake. Mimi ndiye ninayeomba kazi."